Kwenda Idjwi: Chagua Gati Kabla ya Boti

Hapa Kibati, juu ya mji wa Goma, mtu akipata safari ya kisiwa cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu huja kwanza kwangu. Binti yangu ameolewa kaskazini mwa kisiwa, si mbali na Bugarula. Wifi yangu anaishi kusini, upande wa Kashofu. Mimi nauza viazi vinavyoshuka kutoka Kibumba, na wakwe zangu hunitumia mananasi ya kisiwani niyauze hapa kando ya barabara ya Rutshuru. Majirani wanajua kwamba ziwa nalivuka. Huniuliza, "Mama, boti gani nzuri?" Nami huwauliza kwanza: unakwenda kulala kwa nani?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua njia nzima. Kwa kisiwa kisicho na uwanja wa ndege, msafiri asianze na nauli wala na mwendo wa boti. Aanze na gati atakaloshukia, kisha ahesabu kurudi nyuma: kutoka gati hilo hadi boti, kutoka boti hadi bandari ya Goma, kutoka bandari hadi mlango wa nyumba yake. Akianza huku kwake, atapanda boti ya kwanza inayoondoka. Itamfikisha Idjwi kweli, lakini huenda ikamshusha mbali na watu wake.

Kisiwa kirefu

Idjwi ni kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Kivu. Katika maziwa yote ya Afrika, kinachokizidi ni Ukerewe peke yake, kule Ziwa Viktoria. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 300, na wakaaji wake ni zaidi ya 200,000, wengi wao Wahavu. Ni teritware ya Kivu Kusini, yenye enzi mbili za mwami: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Sisi wa Goma tuko Kivu Kaskazini, kwa hiyo anayevuka anaingia mkoa mwingine, na karatasi zake zitaangaliwa.

Cha kuzingatia zaidi ni umbo lake. Zamani maji ya bonde hili yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga, pamoja na Nyiragongo huu tunaoishi chini yake, zilipoinuka ziliiziba njia hiyo. Maji yakajaa bondeni, yakapanda, mpaka yakapata mlango wa kusini kwa mto Ruzizi unaoshuka Tanganyika. Milima iliyokuwa ndani ya bonde ikabaki juu ya maji. Idjwi ni mgongo wa mlima wa namna hiyo, mrefu, ulionyooka kutoka kaskazini hadi kusini, na miteremko yake karibu yote imelimwa: migomba, mihogo, maharage, kahawa, mananasi. Barabara zake ni za udongo. Zinapanda na kushuka, na mvua ikinyesha hata motari hodari huzima pikipiki akangoja.

Jirani yangu mmoja alipata habari ya msiba kusini mwa kisiwa. Alishuka Goma, akakuta boti ya kaskazini inajaza abiria, nauli nafuu, akapanda. Ziwani hakupata shida yoyote. Shida ilianza aliposhuka: kutoka gati la kaskazini hadi nyumba ya msiba ilibaki safari ya moto, yaani pikipiki, juu ya mgongo wote wa kisiwa, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Alifika marehemu ameshazikwa. Fedha aliyoilipa motari ilizidi mara nyingi ile aliyoiokoa kwenye nauli ya boti, lakini kilichomuuma ni kaburi alilolikuta limefunikwa.

Ndiyo sababu nasema njia huchaguliwa kutoka mwisho. Anayekwenda Bugarula na anayekwenda Kashofu wanakwenda kisiwa kimoja kwa safari mbili tofauti.

Uwanja wa ndege haumalizi hesabu

Watu hufikiri shida yetu ni kukosa uwanja wa ndege. Tuutazame ule wa Goma, ambao ndege zilikuwa zikiukaribia kwa kupita juu ya mapaa yetu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia yake ya kurukia. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka tena, lava ikakata barabara yetu ya Rutshuru na kusimama si mbali na uwanja huo. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, uwanja ulifungwa. Mji wenye uwanja mkubwa ukajikuta unategemea barabara na maji, kama kisiwa. Mtu wa Kivu anapaswa kujua zaidi ya njia moja ya kutoka na zaidi ya njia moja ya kufika.

Wenzetu wa mbali nao wana hesabu hiyohiyo. Thailand kuna kisiwa kidogo cha Koh Tao, kinachopendwa na wapiga mbizi, kisicho na uwanja wa ndege. Mgeni anayetoka Bangkok anaweza kupanda treni au basi la usiku hadi Chumphon, kisha boti. Anaweza pia kuruka hadi Koh Samui, kisiwa jirani chenye uwanja uliofunguliwa mwaka 1989, halafu akapanda boti kutoka hapo. Njia ya ndege huwa ghali zaidi, na bado inaishia kwenye boti. Jambo moja la kule natamani tulipate: huuzwa tiketi moja ya basi na boti pamoja, na mwenye kuuza tiketi ya basi anajua saa ya boti. Kwetu basi, moto na boti kila kimoja kina mwenyewe, na hakuna anayemngojea mwenzake. Kazi ya kuviunganisha inabaki kwa msafiri.

Karibu zaidi yuko mtu wa Ukerewe. Anaweza kutoka Mwanza kwa meli mpaka Nansio, akakaa majini muda mrefu. Au anaweza kuzunguka kwa gari kupitia Bunda hadi Kisorya, akavuka kwa kivuko kipande kifupi cha maji hadi Rugezi. Moja ina maji mengi na barabara kidogo, nyingine ina barabara nyingi na maji kidogo. Njia zetu za Idjwi nazo zimegawanyika hivyo.

Njia nne

Njia ya kwanza ni boti za mbao zinazotoka Goma moja kwa moja. Kutoka Kibati tunashuka kilomita kama 12 kwa moto au basi dogo, kupitia Kanyaruchinya, Munigi na Majengo, tunavuka mji hadi ziwani, kwenye bandari ya watu wote au Kituku. Boti hizi zina injini, zinakwenda polepole, na zinabeba kila kitu: watu, mbuzi, saruji, bido za mafuta, magodoro. Ubora wake ni kwamba zinaingia kwenye magati madogo, karibu na vijiji. Kwa anayekwenda kaskazini mwa kisiwa, hii ndiyo njia fupi, nayo ndiyo ninayopita nikienda kwa binti yangu. Ubaya wake ni kwamba hazina saa. Zinafuata soko. Nyingi ni za watu wa kisiwani: huja Goma na mananasi na ndizi, hungoja wenye mzigo wauze na kununua mahitaji, kisha hurudi. Asiyejua hilo hufika bandarini asubuhi na mapema, akakuta boti anayoitaka bado haijafika kutoka kisiwani.

Njia ya pili ni kupanda meli au kano rapidi, yaani boti za kasi, za Goma na Bukavu. Kano rapidi hulivuka ziwa zima kwa muda wa saa tatu hivi. Meli za polepole huchukua saa nyingi zaidi, nyingine husafiri usiku. Baadhi ya vyombo husimama Idjwi na vingine hupita bila kusimama. Usimuulize kijana anayeita abiria getini, kwa maana kazi yake ni kujaza viti. Uliza dirisha la tiketi, tena utaje gati kwa jina. Nikienda kwa wifi yangu, mimi hupita Bukavu. Wengi hunishangaa kwamba ninakipita kisiwa ili nikirudie. Lakini kusini mwa Idjwi kumeuelekea mji wa Bukavu: sokoni wanakwenda Bukavu, boti zao zinatoka Bukavu, na nikilala mjini kwa ndugu, kesho yake nashushwa karibu na mlango wa wifi. Ukitazama ramani utasema nimezunguka, lakini miguu yangu haichoki.

Njia ya tatu ni ya gari: Goma, Sake, Minova, hadi upande wa Kalehe, kisha kuvuka kutoka ufuko wa magharibi. Kwa anayeogopa maji hii ndiyo ingekuwa bora, kwa kuwa kipande cha ziwa ni kifupi. Lakini barabara hiyo ina maisha ya vita. Mwanzoni mwa 2024 mapigano ya kuzunguka Sake yaliikata, na watu na vyakula vya Minova vikahamia majini. Kabla ya kuichagua, mpigie simu mtu aliyeipita jana. Habari ya juma lililopita haitoshi.

Njia ya nne ni kupitia Rwanda: kuvuka mpaka wa Goma, kushika lami ya Gisenyi, Kibuye hadi Kamembe, kuvuka tena daraja la Ruzizi kuingia Bukavu, kisha boti ya kusini. Ni ndefu, nayo inataka karatasi za mpaka mara mbili, lakini barabara ni nzuri, na humfaa mgonjwa asiyeweza kukaa juu ya mawimbi. Nakataza jambo moja tu: kukatiza kutoka ufuko wa Rwanda kwa mtumbwi bila karatasi. Watu wa Idjwi wanaijua vizuri njia hiyo. Kwa miaka mingi wakulima wa kahawa, walipokosa mnunuzi wa haki upande wetu, walivusha magunia yao usiku kwa mitumbwi kwenda kuuza Rwanda. Wengi walizama. Kuna wajane kisiwani ambao waume zao walikwenda na gunia moja na hawakurudi. Vyama vya ushirika vya kahawa vilivyoanzishwa baadaye vilikuwa na faida ya bei, na kwangu faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba viliwapa watu sababu ya kubaki nchi kavu usiku.

Saa ya upepo

Ukishajua gati na njia, tazama saa. Mchana jua huipasha nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huja kujaza nafasi yake. Usiku mambo hugeuka, na upepo hutoka milimani kushuka ziwani. Kati ya pepo hizo mbili kuna saa za utulivu, na kwa kawaida asubuhi na mapema maji huwa laini. Kuanzia Juni hadi Agosti, kiangazi, pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na boti inayotoka Goma kwenda Idjwi huwa inakabiliana nazo uso kwa uso. Msimu wa mvua hatari yake ni nyingine: dhoruba ya ghafla, wingu jeusi linaloshuka kutoka milimani wakati jua bado linawaka.

Ugumu ni kwamba boti za soko huondoka Goma kurudi kisiwani baada ya adhuhuri, saa ambayo upepo umeshaamka. Ndiyo maana nawaambia watu: kama una mtoto mdogo, mzee au mjamzito, usishuke kutoka Kibati siku ya safari. Shuka jana yake, lala mjini karibu na ziwa, upande chombo cha asubuhi. Na kama wenye ziwa, yaani wavuvi, wamevuta mitumbwi yao pwani wakikataa kutoka, nawe usipande. Siku ya kungoja ni sehemu ya safari. Iweke kwenye hesabu ya fedha na ya chakula kabla hujatoka nyumbani, ili usije ukapanda boti mbaya kwa kuwa huna ya kulipia usiku mmoja zaidi.

Wageni huniuliza juu ya gesi. Ni kweli kwamba chini ya ziwa, ambalo kina chake kinakaribia mita 480, kuna kiasi kikubwa cha methani na hewa ya kaboni, na wataalamu wanaliangalia. Na ni vema kumwonya mgeni asiingie kwenye mashimo ya mazuku pwani, ambamo gesi nzito hukusanyika. Lakini wasafiri wa boti tuliowazika hawakuuawa na gesi. Waliuawa na upepo na mzigo.

Hatari iko gatini

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya MV Merdi, iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na Kituku. Watu waliokuwa ufukweni waliiona ikilala upande. Makumi ya abiria walikufa mbele ya macho ya ndugu zao. Wengi walikuwa wamepanda kwa sababu barabara ya Sake ilikuwa imefungwa. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kule Ukerewe kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha.

Vyombo vyote viwili vilizama vikiwa karibu kufika, na msafiri anapaswa kuelewa kwa nini. Boti iliyojazwa mizigo na watu juu hubeba uzito wake mahali pa juu. Ikienda taratibu, watu wakiwa wameketi, inaweza kuhimili. Gati likionekana, kila mtu anasimama, anashika mzigo wake, anasogea upande mmoja ili awe wa kwanza kushuka. Uzito wote unahama kwa pamoja. Ukingo unaingia majini, maji yanaingia ndani, nayo yanakimbilia upande huohuo, na boti haiinuki tena. Kwa hiyo mimi nikifika hubaki nimeketi mpaka kamba ifungwe, na huwashika wajukuu mikono. Nikisikia vijana wanasimama, husema kwa sauti, "Wanangu, kaeni! Tumefika wote, tutashuka wote." Mara nyingi huketi. Mama mtu mzima akisema kwa heshima, kwetu husikilizwa.

Kabla ya kupanda, natazama ukingo wa boti. Kama maji yako karibu kuugusa ikiwa bado imefungwa gatini, ziwani yatauvuka. Natazama mzigo: saruji na viazi vikae chini kabisa, si juu ya paa. Naomba jile yangu, koti la kuokolea, mkononi kabla ya kulipa, naivaa na kuifunga, kwa kuwa jile iliyofungiwa ndani ya sanduku haimwokoi mtu. Aprili 2019, boti ilipozama upande wa Kalehe na watu wapatao 150 wakaripotiwa kupotea, serikali ilisisitiza makoti haya yawe lazima. Agizo hilo lina nguvu pale tu abiria anapokataa kupanda bila jile.

Cha kubeba

Karatasi: kadi ya uchaguzi au pasipoti, na nakala yake ndani ya mfuko wa plastiki. Bandarini kuna wakaguzi, na kila ofisi inataka kuiona. Fedha: franka ndogondogo za moto na gati, na dola zisizo na tundu wala mchaniko, kwa maana noti iliyochanika kidogo haipokelewi. Simu: ichaji usiku, na uandike namba ya mwenyeji wako pia kwenye karatasi. Turubai au plastiki ya kukinga mzigo, nguo ya joto hata kama Goma kuna jua, maji ya kunywa na chakula kikavu. Na mzigo wa zawadi uwe mdogo kuliko unavyotaka. Wakwe watakusamehe ukileta kilo chache za viazi.

La mwisho nalisema kwa wote tunaoishi na ziwa hili, wanaopanda na wanaopandisha. Baada ya Merdi, familia zilizunguka hospitali na ufukweni zikitafuta majina, na hesabu ya waliokuwemo ikabaki ya kubishaniwa. Mtu anayelipa nauli ana haki ya kuandikwa jina lake kabla ya kamba kufunguliwa, na orodha hiyo ibaki nchi kavu. Nawaomba abiria wenzangu tuidai Kituku, tuidai Bugarula, tuidai Kashofu, kila siku, kwa kila boti. Na wewe unayesafiri, kabla hujashuka kutoka Kibati, mwachie mtu mmoja wa nyumbani mambo matatu: jina la boti, jina la gati utakaloshukia, na saa ambayo anapaswa kuanza kukutafuta.